Mikono Yangu na Bomba la Mbu

Nyumbani kwetu bomba la mbu halikuua mbu. Lilinipaka mimi rangi.

Lilikuwa bomba la bati, lile lenye mpini wa mbao nyuma na kikopo kidogo chini ya mdomo. Karibu kila nyumba ya Kariakoo ilikuwa nalo kabla dawa yake haijaadimika. Miaka ile vitu viliadimika kwa zamu: leo sabuni, kesho sukari, keshokutwa viberiti, na ukisikia mafuta ya kula yamefika duka la ushirika unaacha chungu motoni unakimbilia foleni. Dawa ya mbu ilipokwisha, wenzetu waliyatupa mabomba yao juu ya kabati. Mama alilichukua la kwetu akalisugua kwa majivu, akalichemshia maji, akalianika juani, akalisugua tena, na bado lilinuka mafuta ya taa.

"Harufu haionekani," alisema. Kwa mama, kisichoonekana hakikuwa na shida yoyote.

Kilichoonekana ni mbalanga. Ilinianza nikiwa na miaka kumi na tisa, si muda mrefu baada ya baba kufariki. Kilikuwa kidoa cheupe kama punje ya mchele, kwenye kifundo cha kidole cha shahada, mkono wa kulia. Nilidhani ni unga, nikakiosha. Nikakiosha tena kesho yake. Baada ya miezi kadhaa vidole vyote vilikuwa vimeshikwa, kulia na kushoto, weupe ukapanda mpaka kwenye viwiko vya mikono, halafu ukaruka mwili mzima ukaenda kukaa kwenye vifundo vya miguu. Ngozi yangu ni maji ya kunde. Juu yake doa jeupe halijifichi.

Daktari alituambia mambo mawili: kwamba haina dawa, na kwamba haiambukizi. Mama alitoka hospitali na lile la kwanza tu. Mganga mmoja naye alitaka kujua nimekula nini cha mwiko, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kuchagua kula. Mtaani wengine waliichanganya mbalanga na ukoma, wengine walijua tofauti lakini hawakutaka kubahatisha. Na huu ni mji wa kupeana mikono. Ukiingia mahali unatoa mkono, ukitoka unatoa mkono, ukipewa pole unapewa na mkono. Nilianza kwenda kwenye misiba nikiwa nimebeba sahani mikono yote miwili, ili nisiwe na wa kutoa.

Rangi aliigundua mama kwa bahati. Bibi yangu alikuwa na fangasi za miguu, akapewa dawa ya kulowekea, zile chembechembe za zambarau ambazo watu wa hospitali huziita pamanganeti. Unazitia kwenye maji yanakuwa mazuri kama juisi ya zabibu, lakini yakikauka kwenye ngozi yanageuka kahawia. Mama alimwosha bibi miguu, kesho yake vidole vya mama vilikuwa vya kahawia. Alivisugua kwa sabuni, na sabuni ilikuwepo siku hiyo. Havikutoka. Akasugua kwa mchanga, akasugua kwa mafuta ya taa. Rangi ilikaa siku kadhaa, ikatoka yenyewe polepole. Nilimwona amekaa kwenye kizingiti anavitazama vidole vyake, halafu ananitazama mimi.

Mwanzoni alinichovya tu kwenye beseni, nikatoka na mikono ya mtu aliyekuwa anamenya ndizi mbichi tangu azaliwe. Vifundo vya vidole vilikunywa rangi vikawa vyeusi, katikati ya vidole pakabaki peupe, na kwenye kiwiko cha mkono maji yalipoishia pakawa na mstari, kama nimevaa glovu. Nililia. Mama hakulia. Alinuna kama fundi aliyeharibu kitambaa cha mtu, na wiki iliyofuata akaja na bomba.

Sasa nitaeleza namna ilivyofanyika, maana ile kazi niliijua kuliko ninavyojua kupika, na sijapata kumweleza mtu.

Kwanza unaosha mikono na kuikausha kabisa, halafu unajisugua kwa dodoki, hasa kwenye vifundo, kwa sababu ngozi kavu ya pale inakunywa rangi kwa pupa. Pili unapaka mafuta ya nazi kidogo sana kwa unyoya wa kuku, kwenye ile ngozi nzima inayopakana na doa, ili rangi isiishike. Ukizidisha mafuta, rangi inateleza na kuacha michirizi. Tatu, maji yawe mepesi, rangi ya waridi tu. Mwenye haraka anakoroga mazito apake mara moja, na huyo ndiye anayetoka na mabaka. Sisi tulipaka mara nne, mara tano, kila mara tukisubiri ikauke na kugeuka kahawia kabla ya kuongeza. Nilikunja ngumi ili mikunjo ya vidole ifunguke, mama akapuliza kutoka mbali, urefu wa mkono wake wote, bomba likitembea na lisisimame. Likisimama tu, linatonesha. Halafu nilitanua vidole kama kucha za mwewe, akapuliza kati ya kidole na kidole. Kidole gumba kilikuwa na kesi yake peke yake, na kucha tulizipaka nta ya mshumaa.

Vifundo vya miguu vilikuwa balaa. Ule mfupa umejitokeza kama kokwa la embe, rangi inakaa juu yake na kukwepa shimo la nyuma, pale karibu na kisigino. Nilisimama juu ya gunia nimeinua mguu kwenye stuli, mama amepiga magoti, dirisha limefungwa kwa sababu nyumba ilikuwa ya vyumba sita na ua ni wa wote. Kaskazi ikivuma, chumba kikiwa kama tanuri, jasho lilichuruzika kutoka gotini likachora mfereji katikati ya kazi nzuri ya mchana mzima. Tulianza upya. Pua ya bomba nayo iliziba mara kwa mara, na ikizibuka inatema matone makubwa, nikawa na madoadoa kama kanga, yule ndege.

Siku moja nilichoka nikamwambia, "Mama, weka bomba chini. Nipake kwa mkono, usawazishe kwa kiganja. Itatoka vizuri zaidi."

"Na mikono yangu itakuwaje?" alijibu. "Itakuwa ya kahawia wiki nzima. Watu si watauliza?"

Alikuwa na haki. Rangi ile ingemshika kweli. Kwa hiyo alitumia bomba, na palipohitaji kuguswa alitumia unyoya, na palipohitaji kukandamizwa alitumia kitambaa alichokifunga kwenye kijiti. Nilikuwa na sababu nzuri ya kumwamini, nikamwamini. Lakini jambo likishaingia kichwani halitoki kwa dodoki. Nilianza kukumbuka ni lini mara ya mwisho mama alinishika mkono. Nilikumbuka ilikuwa kwenye mazishi ya baba, na nikaona bora niache kukumbuka.

Rangi ikishika vizuri nilikuwa mtu kama watu. Nilikwenda kazini. Tulikuwa kikundi cha ushirika cha kina mama, tuna cherehani zetu kwenye chumba kimoja mtaa wa Gerezani, tunashona sare za shule na kutia viraka ovaroli za mafundi wa karakana za reli. Ndipo alipokuja yeye, fundi mitambo kutoka Lindi, na koti la kaunda suti lililochanika kwapani.

"Dada, hili koti ndilo pekee la heshima nililonalo," alisema. "Ukiliharibu umeniharibia Idi, harusi na vikao vyote vya tawi."

"Na wewe ukilivaa kubebea injini umetuharibia ushirika," nikamjibu.

Alicheka. Alikuwa na cheko la kujaza chumba, na mikono michafu kuliko yote niliyowahi kuiona. Grisi imeingia kwenye kila ufa wa ngozi, kucha nyeusi, hata akioga vipi. Na hakujali! Alinipa mkono wake vile vile, akasema tu, "Samahani, hii haitakati mpaka nistaafu." Nami nikampa wangu uliopakwa mara tano. Nilikaa nalo joto la mkono wake mpaka jioni.

Akawa anakuja. Kama nguo haijachanika, anaichana. Kila akichukua nguo yake, alinyoosha mikono miwili chini ya kitambaa na vidole vyake vikagusa vyangu, na hakuna aliyefanya haraka kuviondoa. Siku moja alivitazama, akasema, "Mikono yako ina rangi moja tu, bibie. Ona yangu, kama ramani." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Alikuwa amekisifia kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa nini sikumwambia? Nilimwambia mama kwamba nataka kumwambia. Mama alisema mambo ya mwili husemwa baada ya nikahi, kabla ya hapo ni kujinadi. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema, na mimi nikajiuliza mimi ni kipi kati ya hivyo viwili, kwa sababu sikuwa najiuza wala sikuwa nimetembea, nilikuwa nimekaa juu ya stuli napulizwa.

Wazazi wa fundi, wa kuja kuposa, walikuwa wamefariki. Alilelewa na shangazi yake, na neno la shangazi ndilo lililokuwa la mwisho. Shangazi alikuja kwa meli, maana njia ya kusini ilikuwa imekatika kwa mvua, akaleta kikapu cha korosho, na ikapangwa kwamba ataletwa kwetu mchana kuniona. Yeye na mama wangekula ndani, fundi angekula barazani na mjomba wangu.

Siku tatu kabla, mama hakufanya kazi nyingine. Alichuja maji kwa kitambaa cha kanga kuukuu ili pua ya bomba isizibe. Alinipaka alfajiri, kabla ya joto, akanipaka tena jioni, akanipaka tena. Kwenye mpaka wa kiwiko alififisha rangi kidogo kidogo mpaka huwezi kusema doa limeanzia wapi. Siku ya wageni niliitoa mikono yangu nje, uani, kwenye jua la saa nne, nikaigeuza huku na huku. Hakukuwa na mchirizi, wala mstari, wala kifundo cheusi. Sijawahi kuiona hivyo kabla wala baada ya hapo. Mama alisimama pembeni ameshika kiuno, akasema, "Haya. Sasa ni mikono ya mtu." Nakumbuka nilicheka.

Chakula kilikuwa wali wa nazi na nguru. Leo mtu ataona ni chakula tu, lakini wakati ule tulikuwa tunakula ugali wa unga wa njano ulionuka ghala, na mchele ulipatikana kwa kunong'ona. Mama Mchaga wa chumba cha mbele, aliyekuwa na duka, ndiye aliyetutafutia. Nguru, mama alimfuata mwenyewe soko la samaki la Feri. Kitu kimoja tu kilikosekana nyumba nzima na mtaa mzima, nacho ni sabuni. Hata kipande cha kufulia. Na mgeni aliyekula samaki kwa mkono huwezi kumwacha aondoke na shombo.

Shangazi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kutulia. Nilimpigia magoti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Inuka nikuone."

Akanishika mikono yote miwili akaniinua. Aliitazama, akaachia. Hakuona kitu. Mama alipumua nyuma yangu kwa sauti. Nilimnawisha kwa maji matupu, tukala, na alikuwa mtu wa mazungumzo mazuri. Alitueleza jinsi mpwa wake alivyofungua saa ya babu yake akiwa mdogo na kushindwa kuifunga, mpaka leo iko kwenye kopo. Nilijiona tayari niko Lindi, nalitazama lile kopo. Mama aliuliza kama kule nazi zinapatikana. Mambo yalikuwa yamekwisha, kilichobaki ni kupanga siku.

Basi mama akasema, "Mwanangu, mnawishe shangazi yako."

Nilileta birika na beseni. Kwenye kisahani mama alikuwa ameweka ndimu, amezikata nusu nusu na kuzipanga vizuri, kwa sababu hakuna mwenyeji wa pwani asiyejua kwamba pasipo na sabuni, ndimu huondoa shombo. Ni jambo la heshima. Binti anayeposwa anakamua ndimu kwenye kiganja cha mgeni, anamsugulia vidole, halafu anamimina maji. Nilikuwa nimeona wenzangu wakifanya hivyo na nilitaka kufanya vizuri kuliko wote. Nilikamua ndimu kwa nguvu mpaka ikatoa kila ilichokuwa nacho.

Tulikuwa tumeijaribu rangi ile kwa sabuni. Tuliijaribu kwa mchanga, kwa majivu, kwa mafuta ya taa na kwa mvua. Hatukuwahi kuijaribu kwa ndimu. Jikoni mama hakuniruhusu kushika chakula nikiwa na rangi, kwa hiyo ndimu na mikono yangu vilikuwa havijakutana tangu siku ile ya beseni.

Haikutiririka. Ningeona maji yamechafuka ningesingizia uchafu. Ilitoweka tu. Nilikuwa nasugua kidole cha shangazi, na cha kwangu kikafunguka cheupe mbele ya macho yangu, halafu cha pili, kisha vifundo vyote, na juisi ikateremka kwenye kiwiko ikaacha njia nyeupe nyuma yake. Kazi ya siku tatu iliondoka kwa muda wa kusema bismillahi. Nilitaka kurudisha mikono nyuma, lakini mikono ya shangazi ilikuwa ndani ya mikono yangu, na huwezi kumwachia mgeni ana ndimu viganjani.

Nikamimina maji. Sikujua la kufanya zaidi ya hapo. Nikammwagia maji mpaka birika likaisha.

Shangazi hakupiga kelele. Alikausha mikono yake kwenye kanga yake, halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo sijui nikiweke wapi. Aliushika mkono wangu wa kulia, mtupu, ulio na mabaka, kwa mikono yake miwili. Akaupapasa kwa kidole gumba, kifundo kimoja baada ya kingine. Akaugeuza, akatazama kiganja.

"Mbalanga," alisema. "Kwetu tunaijua. Mjomba wangu alikuwa nayo mpaka usoni, na alioa."

 Niliona mlango umefunguka. Nilitaka kusema, ndiyo, shangazi, ni mbalanga, haiambukizi, daktari amesema. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Lakini mama aliwahi.

"Aliungua," mama akasema. "Alimwagikiwa uji wa moto akiwa mdogo. Ni kovu tu hilo, mwenzangu."

 Barazani mjomba wangu alikuwa anacheka na fundi, wanabishana habari za mpira.

"Uji haupakwi rangi," shangazi akasema. "Mpwa wangu anajua?"

 Nilitikisa kichwa, hapana.

"Mficha uchi hazai, mama," akasema, akimwambia mama lakini macho yakiwa kwangu. "Nilikuja kutazama mkono. Sasa sijui nitazame nini kingine humu ndani." Akaurudisha mkono wangu juu ya paja langu, taratibu, kama mtu anavyorudisha kitenge kwenye meza ya muuzaji baada ya kukikunja vizuri. Akaaga. Alishukuru kwa chakula. Korosho aliziacha.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu kifo hakikuhitajika. Ilitosha nusu ya ndimu.

Wageni walipotoka nilibaki nimekaa kwenye mkeka. Nilidhani mama atanikumbatia, au atanipiga, vyote viwili ningevipokea. Aliinama akaokota ile nusu ya ndimu iliyobaki kwenye kisahani, akaikamulia kwenye mkono wangu wa kushoto, ambao ulikuwa na rangi bado kwa nyuma. Akatazama rangi inavyokwenda.

"Ndimu," alisema. "Kumbe ndimu." Na alisema kwa sauti ya mtu aliyepata kosa kwenye kazi na sasa anajua pa kurekebisha.

Koti la kaunda suti la fundi lilikuwa bado kwenye ushirika wetu, safari hii kwa kubadilisha vifungo. Nilivishona, nikalipiga pasi, nikalitundika. Asubuhi ya kila siku nilisema leo nitamweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimekataa bomba. Mama alilia, akaniita mkaidi, nikaenda kazini na mikono yangu kama ilivyo. Wenzangu wa ushirika walitazama siku ya kwanza, siku ya pili wakaacha, isipokuwa mmoja aliyehamisha kikombe chake cha chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilikuwa nayo mengi. Ningemwambia kwamba yeye grisi yake haitakati mpaka astaafu na mimi yangu haitakati mpaka nife, basi tofauti iko wapi?

Alikuja mchana, chumba kikiwa na watu. Hakuwa na lile cheko. Alisimama mlangoni akasalimia wote kwa pamoja, kwa hiyo hakulazimika kumsalimia mtu. Nilishusha koti, nikalikunja juu ya mikono yangu kama siku zote, nikamsogelea. Nilikuwa nimeshaanza kusema, "Kaka, naomba nikueleze." Aliitazama mikono yangu chini ya koti. Mikono yake mwenyewe ilikuwa nyeusi kwa grisi, ameining'iniza pembeni, na haikuinuka.

"Weka tu hapo mezani, dada," alisema. "Nitalichukua."

Nikaliweka mezani. Alisubiri nirudi kwenye cherehani yangu, ndipo akalichukua. Hakuwa mtu mbaya. Najua hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikata, maana mtu mbaya ningemtukana nikapona. Alisema ahsante, akatoka, na nikamsikia nje anasalimiana na muuza kahawa, kofi la mkono kwa mkono, pa!

Nilitembea kutoka Gerezani mpaka nyumbani nikiwa nimeifunga mikono ndani ya kanga. Mama alikuwa chumbani. Gunia lilikuwa limetandikwa, stuli iko mahali pake, bomba limejazwa. Alijua yaliyonipata kwa kunitazama tu.

"Amelichukua koti?"

"Amelichukua."

"Haya, kaa," alisema. "Safari hii tutaanza na maji mepesi zaidi. Na ndimu isiingie humu ndani tena."

Sikukaa. Nilichukua kichupa cha mafuta ya nazi nikamwekea mbele yake. Nikamwambia, "Mama, leo sitaki rangi. Nipake mafuta tu. Kwa mkono wako. Mafuta hayachafui."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilisimama mbele yake nimenyoosha mikono kama mtoto anayeomba kitumbua. Sikuwa naomba anipe mume. Sikuwa naomba aseme samahani. Mama alikiangalia kichupa. Akamimina mafuta kidogo kwenye kiganja chake, akayasugua kiganja kwa kiganja, na nikaona vidole vyake vinang'aa. Akaisogeza mikono yake mpaka karibu kabisa na yangu, nikasikia joto lake. Hapo ikasimama.

"Ngoja," alisema, bila kuniangalia. "Ngoja kwanza."

Akavuta pindo la kanga yake, akalizungushia kiganja, kidole kwa kidole, akalikaza vizuri. Halafu akasema, "Haya, lete."

Nikampa yote miwili. Hakukuwa na mwingine wa kumpa.